Simu inayojizima na kugoma kurejesha data: kwanza jua inazima lini

Mteja akiniletea simu inayojizima, swali langu la kwanza ni hili: yazima lini? Kuanguka, kulowa, kuchezewa na watoto, hayo tutayafikia. Kwanza nataka kujua ni saa ngapi, alikuwa akifanya nini, chaji ilikuwa asilimia ngapi, na je, ikishazima inajiwasha yenyewe au inabaki kiza mpaka ibonyezwe? Mara nyingi majibu hayo hunionyesha ugonjwa kabla sijashika bisibisi.

Dereva mmoja wa tuktuk anayefanya kazi baina ya Kongowea na mjini Mombasa aliniletea simu iliyokuwa imeshaformatiwa, yaani kufutwa kila kitu ianze upya, mara mbili kwingine. Kila ikitoka kuformatiwa ilikuwa nzima jioni, nzima usiku, nzima asubuhi. Ikifika saa sita mchana, inaanza. "Usiku iko sawa kabisa, fundi," akaniambia. "Mchana ndio yaniaibisha." Nilimfuata mpaka nje nikaona alivyoifunga: juu ya usukani, kioo kimeangalia jua, ramani imewashwa, data imewashwa, na chaja imechomekwa. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto. Programu hazikuwa na kosa lolote, simu ilikuwa inaungua tu. Tukaishusha kivulini, tukavua kava nene la mpira, ikatulia. Lakini namba za wazazi wanaompa watoto wa kupeleka shule kila asubuhi zilikwenda na ile formati ya kwanza, wala hazikurudi.

Ndiyo maana nimeyapanga haya kwa kufuata ule wakati simu inapozima, na kuformati nimekuweka mwisho.

Kabla ya lolote, toa vilivyomo ndani

Simu inayozima kila baada ya dakika tano bado ina dakika tano. Zitumie kwa kuokoa data, si kwa kujaribu tiba ulizosikia barazani. Ichomeke chaja (ila si yenye betri iliyovimba wala iliyolowa, hizo tutazifikia), zima data, Bluetooth na mahali ulipo, punguza mwanga wa kioo, na usifungue programu yoyote usiyoihitaji. Kisha iunganishe na kompyuta kwa kebo inayopitisha data. Kebo nyingi za bei ya chini zinapitisha umeme tu, kwa hiyo kompyuta isipoiona simu, badilisha kebo kwanza. Anza na folda ya DCIM, ndimo picha na video za kamera zinamokaa. Nakili kidogo kidogo, folda kwa folda, ili simu ikizima katikati ujue umefika wapi.

WhatsApp kwenye Android ina nakala yake ndani ya simu, katika folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, na humo utaiona folda ya Databases. Chukua folda nzima ya WhatsApp. Kwa kawaida programu hiyo hujitengenezea nakala kila siku saa nane usiku na huweka za siku chache za mwisho tu, kwa hiyo simu ikianza kusumbua leo usingoje wiki ijayo.

Namba za simu angalia zimehifadhiwa wapi. Zilizo kwenye akaunti ya Google zitarudi. Zilizo kwenye laini zitabaki na laini. Zilizo kwenye simu yenyewe ndizo zinazopotea, na ndizo watu wanazoamini kuwa ziko salama.

Swali ninaloulizwa kila siku ni la M-Pesa. Pesa zako hazikai ndani ya simu, na hazijawahi kukaa humo tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007. Ziko kwenye akaunti iliyofungamana na namba yako. Simu ikifutwa, ikiungua au ikizama feri, salio liko pale pale. Kinachopotea ni zile jumbe za kuthibitisha malipo zilizokuwa kwenye simu, na mwenye biashara anayezitumia kama daftari lake azinakili mapema.

La mwisho hapa: andika kwenye karatasi anwani ya Gmail iliyo kwenye simu na hakikisha unaijua nywila yake. Utaona baadaye kwa nini nasisitiza.

Yazima na chaji ingalipo

Chaji inasoma asilimia 30 au 40. Unafungua kamera, au unapigiwa simu ya video, kioo kinageuka cheusi ghafla. Ukiiwasha inarudi ikisoma asilimia 3, au inarudi na ile ile 30 kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiiacha kwenye chaja haizimi tena.

Hiyo ni betri. Fikiria tangi la maji juu ya ghorofa na bomba lililojaa kutu. Maji yamo tangini. Ukifungua mfereji kidogo yanatiririka, ukiufungua wote yanakatika. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wa ndani unapanda. Kazi nyepesi inaimudu. Kamera, taa ya kamera na mtandao vikidai umeme kwa pamoja, volti inaporomoka na simu inajikata ili isiharibu vifaa vyake. Ndiyo sababu asilimia iliyoandikwa juu ya kioo haikusaidii kitu, kwa kuwa inahesabu maji ya tangini na kutu ya bomba haiioni.

Jambo hili si la simu za bei nafuu peke yake. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, kisha ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwenye iPhone ataona afya ya betri yake ndani ya mipangilio. Betri za miundo ya kabla ya iPhone 15 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Ikishuka chini ya 80 na simu inazima kwa mtindo niliousimulia, usitafute mchawi mwingine.

Ukibadilisha betri na simu bado inasoma asilimia kiajabu, ichaji mpaka ijae, itumie mpaka izime, kisha ichaji tena mpaka ijae bila kuikatiza. Fanya hivyo mara moja tu, ili kipimo kijipange upya. Kuifanya kila wiki ni kuichosha bure.

Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Weka simu mezani kifudifudi. Ikiyumba kama bakuli, au kioo kimeinuka upande mmoja na unaona mwanga ukipenya ukingoni, izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi mahali pake, na usiruhusu mtu aitoboe kutoa hewa. Ile ni gesi inayoshika moto.

Yazima mchana, usiku nzima

Apple inataka iPhone itumike katika joto la kati ya nyuzi 0 na 35. Mombasa mwezi wa Machi hewa ya kivulini hufika nyuzi 32 au 33. Hesabu mwenyewe: simu yetu inaanza siku ikiwa imebakiwa na nyuzi mbili tatu, na bado haijafanya kazi, haijachajiwa, haijawekwa juani. Ukiiacha kwenye dashibodi ya matatu iliyoegeshwa Mwembe Tayari, madirisha yamefungwa, usishangae.

Simu inayozima kwa joto kwa kawaida hukuonya. Mwanga wa kioo unapungua wenyewe, taa ya kamera inakataa kuwaka, chaji inasimama. Ivue kava, iondoe kwenye chaja, ikae kivulini penye upepo. Wapo wanaoitia kwenye friji ipoe haraka. Nawasihi msifanye hivyo. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Ukitoa kitu baridi kwenye friji kinatoka jasho, na simu nayo inatoka jasho, hata ndani, juu ya saketi.

Yazima kila baada ya dakika tatu

Sehemu hii ni ya wenye iPhone tu. Simu inawaka vizuri, unaitumia vizuri, kisha inajizima na kujiwasha. Shika saa uipime. Ikiwa kila mara ni kama dakika tatu, wala haijali unafanya nini, kuna kihisi ambacho simu inakitafuta na haikipati. Mfumo unangoja taarifa, haupati, unaamua kuanza upya. Mara nyingi utepe wa tundu la chaji umeliwa na kutu, au betri iliyobadilishwa haikuchomekwa sawasawa, au kuna kebo nyingine ya ndani iliyokatika wakati kioo kinabadilishwa.

Ushahidi uko ndani ya simu yenyewe. Fungua Settings, ingia Privacy & Security, shuka mpaka Analytics & Improvements, kisha Analytics Data. Tafuta mafaili yanayoanza na panic-full. Yakiwa mengi na ya saa zinazofuatana, fungua moja na usome mistari ya mwanzo. Ikitajwa thermalmonitord pamoja na maneno missing sensor, umepata jibu. Mpelekee fundi faili hilo. Kurejesha mfumo hakutasaidia, kwa kuwa programu haiwezi kuunga waya uliokatika.

Simu yenyewe haizimi, programu ndizo zinazofunga

Programu moja tu ikifunga, tatizo ni lake. Ilazimishe isimame, futa kache yake (takataka zake za muda), iapdeti. Angalia kama nafasi imejaa. Usiguse kitufe cha kufuta data ya programu kabla ya kujua ndani mna nini, maana kache na data ni vitu viwili, na ukibonyeza data kwenye WhatsApp umejifungia nje mwenyewe.

Zikifunga nyingi kwa pamoja siku moja, shuku kitu zinachokitumia zote. Tarehe 22 Machi 2021 simu za Android sehemu nyingi za dunia zilianza kufunga Gmail na programu nyingine papo hapo. Chanzo kilikuwa kipande cha mfumo kiitwacho Android System WebView, ambacho programu hizo hukitumia kuonyesha kurasa za wavuti, na kilikuwa kimepata apdeti mbovu. Google ikatoa apdeti nyingine, mambo yakaisha. Walioformati simu zao siku ile walipoteza vitu vyao kwa kosa lililotibiwa kwa kuingia Play Store na kuapdeti WebView na Chrome. Hata leo nikiona programu nyingi zikifunga, huanzia hapo.

Ukitaka kujua kama mkosaji ni programu uliyoiingiza mwenyewe, washa simu katika hali salama. Kwenye Android nyingi unabonyeza kitufe cha kuwasha mpaka menyu ya kuzima itokee, kisha unashikilia kidole juu ya alama ya kuzima mpaka uulizwe kama unataka hali salama. Humo zinafanya kazi programu za mfumo tu. Iache hivyo saa kadhaa. Ikitulia, rudi kwenye hali ya kawaida, uondoe programu za karibuni moja moja. Anza na zile za kusafisha simu na kuongeza kasi. Sijaona hata moja iliyoiongezea simu kasi. Nimeona nyingi zinazoonyesha matangazo juu ya kioo kilichofungwa.

Hata picha inaweza kuangusha simu. Mwaka 2020 picha moja ya ziwa, iliyopigwa Montana kule Marekani, ilizitia simu kadhaa za Android 10 kwenye mzunguko wa kuwaka na kuzima mara tu ilipowekwa kuwa mandhari ya kioo. Rangi zake ziliufanya mfumo upate thamani iliyozidi 255, kikomo chake, na mfumo ukaanguka. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Sikufanya chochote, nilibadilisha picha tu," namwamini.

Haivuki nembo

Inawaka, inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inaonyesha nembo tena. Au inakwama kwenye nembo mpaka betri iishe. Hapa ndipo simu nyingi zinapofutwa bure, na hapa nataka uende taratibu.

Kwanza ivue kava kabisa na ukague kitufe cha kuwasha. Kibonyeze kwa ukucha. Je, kinarudi kwa mlio mdogo, au kimelala ndani? Kitufe kilichokwama kinaiambia simu "zima, washa, zima, washa" bila kukoma. Mchanga wa ufuoni na jasho lililokauka vinatosha kukikwamisha. Nimewahi kupokea simu kutoka Bamburi iliyosemekana imeharibika mfumo. Nilipitisha brashi laini yenye spiriti safi ukingoni mwa kitufe, chembe tatu za mchanga zikaanguka juu ya kitambaa cheupe, simu ikawaka hadi ndani. Kitufe cha sauti pia kikikwama kitakupeleka kwenye menyu usiyoitaka kila uwashapo.

Pili, toa laini na memori kadi, jaribu tena. Memori kadi mbovu huweza kuzuia Android isimalize kuwaka, hasa kama iliunganishwa kuwa sehemu ya hifadhi ya simu. Hapo tahadhari: kadi iliyounganishwa hivyo haisomeki kwenye simu nyingine, usiiformati. Kadi za bandia nazo zina mkasa wao. Imeandikwa GB 512, ndani ina GB 8, na kila ukizidisha inaandika juu ya vya zamani huku ikikuonyesha majina ya mafaili kana kwamba yamo.

Tatu, ichaji kwa saa nzima ikiwa imezimwa. Betri iliyoshuka sana huwasha nembo na kushindwa kuendelea.

Ikiwa mambo yameanza baada ya apdeti, ipe muda. Simu yenye hifadhi ndogo huweza kukaa muda mrefu kwenye nembo ikipanga programu upya. Lakini zikipita saa mbili tatu na imekaa vile vile, ingia menyu ya urejeshaji. Kwenye Android iliyozimwa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha mpaka nembo itokee, kisha uachie. Samsung za miaka ya karibuni zinataka uwe umezichomeka kwenye kompyuta kwa kebo wakati unafanya hivyo. Menyu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza na vidole havifanyi kazi humo, unatembea kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwasha. Soma kila mstari mara mbili kabla ya kubonyeza. "Wipe cache partition" hufuta takataka za muda tu, picha zako haizigusi. "Repair apps" kwenye Samsung nayo ni salama. "Wipe data/factory reset" inafuta kila kitu. Mistari hii inafanana na inakaa jirani.

Kwenye iPhone 8 na za baadaye, bonyeza na uachie kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha ubavuni mpaka nembo itokee. Huko ni kuiwasha upya kwa nguvu, na hakufuti kitu. Isipopona, ichomeke kwenye kompyuta, rudia vile vile lakini usiachie cha ubavuni hata nembo ikitokea, mpaka uone picha ya kebo na kompyuta. Kompyuta itakupa chaguo mbili, Update na Restore. Chagua Update. Inaweka mfumo upya na kuacha vitu vyako. Restore inafuta. Mtandao ukiwa wa polepole na kupakua kukazidi dakika 15, simu itatoka kwenye hali hiyo yenyewe. Usibabaike, acha kompyuta imalize kupakua, kisha rudia kubonyeza.

Na nafasi iliyojaa! Naiweka peke yake kwa sababu ndiyo inayoniumiza. Mfumo unahitaji mahali pa kuandika wakati unawaka. Ukijaza simu mpaka MB ya mwisho kwa video za makundi ya WhatsApp, siku ukiizima huenda isiwake, na wakati huo huna njia ya kuingia kufuta chochote. Acha sehemu moja ya kumi iwe wazi wakati wote. Simu ikisema nafasi imekwisha, fanya kazi hiyo siku hiyo hiyo.

Maji ya chumvi

Simu iliyotumbukia maji ya mvua inaweza kungoja mpaka kesho. Iliyotumbukia baharini haiwezi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na penye umeme yanakula shaba haraka. Nikifungua simu iliyoingia bahari ya Nyali siku tatu nyuma, chini ya lenzi naona ukoga wa kijani umekaa kwenye miguu ya vifaa kama ukoga wa kwenye ngazi za bandari. Simu ya namna hii ndiyo inayozima ovyo, leo nzima kesho haiwaki, bila kanuni yoyote ya saa wala chaji. Ukikosa kabisa mpangilio katika kuzima kwake, shuku kutu.

Izime, usiichaji, ipeleke ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti ya asilimia 99. Habari ya kuitia kwenye mchele uiache. Mchele haufyonzi kilicho chini ya saketi na hauondoi chumvi, na Apple yenyewe mwaka 2024 ilionya kwamba punje zake ndogo huweza kuiharibu simu.

Imewaka, lakini imegoma kurejesha

Umeshaformati au umenunua mpya, na nakala haionekani. Mara nyingi ipo, ila umebisha mlango usio wake.

Nakala ya Google inajitokeza wakati wa kuiandaa simu mara ya kwanza, pale inapouliza kama unataka kuhamisha vitu kutoka simu ya zamani. Ukiharakisha ukaruka hapo, kwenye simu nyingi hutaiona tena mpaka uformati na kuanza upya. Pia hairudi kwenye simu yenye Android ya chini kuliko ile iliyoitengeneza, na simu isipotumiwa kwa siku 57 nakala hiyo hufutwa. Sawa na hivyo, nakala ya iPhone haikubali kuingia kwenye iPhone yenye mfumo wa zamani zaidi. Ruka hatua ya kurejesha, apdeti mfumo kwanza, kisha futa na uanze kurejesha.

WhatsApp inataka namba ile ile na Gmail ile ile. Wengi wana Gmail tatu, walizofunguliwa na kila muuza simu. Zijaribu zote kabla ya kukata tamaa. Ikiwa uliwahi kufunga nakala kwa nywila yake au ule ufunguo wa tarakimu 64, bila hivyo hakuna fundi wala kampuni itakayokufungulia. Na angalia kama nakala iliwahi kukamilika: Google inatoa GB 15 bure kwa barua, picha na nakala vyote pamoja, iCloud GB 5. Zikijaa, nakala inasimama kimya kimya, na utarejeshewa mambo ya mwaka juzi.

Urejeshaji wa iPhone kwa kompyuta ukikatika na namba 9, 4013 au 4014, badilisha kebo, badilisha tundu la USB, badilisha kompyuta. Ikirudi ile ile, ni kifaa cha ndani. Namba 3194 ina maana kompyuta haikufika kwenye seva za Apple, angalia mtandao na tarehe ya kompyuta.

Simu ikipona kisha ianze tena kuanguka baada ya kurejesha, umerudisha ugonjwa pamoja na mizigo. Futa tena, urejeshe picha na namba peke yake, programu uziingize mwenyewe moja moja.

Formati, na simu isiyokubali formati

Sasa ndipo unaweza kuformati. Ile Gmail uliyoandika kwenye karatasi itaulizwa: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kupitia menyu ya urejeshaji haifunguki mpaka uingize akaunti iliyokuwamo. Kama umebadilisha nywila leo, ngoja saa 24. Simu ya mkopo bado itabaki na kufuli lake la mkopo, usidanganywe kwamba formati italiondoa. Mwenye laini ya eSIM, ile isiyo na kadi, aangalie asiifute pamoja.

Lakini kuna simu unaiformati, inakwambia imekamilika, unaiwasha, na kila kitu kipo palepale. Picha zile zile, jumbe zile zile. Mama mmoja wa Likoni aliniletea simu ya namna hiyo, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii simu n'shaipeleka mahali pawili. Wote waniambia wamefuta, nikiiwasha picha zi pale pale, na yazima vile vile. Mimi hizo picha sitaki ziende. Nataka isizime tu."

Nilipiga picha moja ya ukuta palepale, nikazima, nikawasha. Picha ya ukuta haikuwako, na hata ile kengele niliyoweka kabla ya kuzima haikuwako. Simu ilikuwa imerudi ilivyokuwa asubuhi. Hapo nikajua: chipu ya hifadhi imechakaa, imejifunga, inasomeka lakini haiandikiki. Kila kinachofanyika kinaelea hewani mpaka simu izime, kisha kinatoweka, na formati nayo vivyo hivyo. Mafundi wawili walikuwa wamempa amri ya kufuta maisha yake, na chipu iliyokufa ikakataa kuitii.

Nilimweleza kwamba simu haitapona ila picha bado tunaweza kuzipata. Akaketi. Nikachomeka kebo, nikaanza kunakili. Ilizima mara kumi na moja. Kila ikizima niliandika jina la faili la mwisho kwenye daftari, nikaiacha ipoe chini ya feni, nikawasha tena na kuendelea kutoka hapo. Alasiri ikaadhiniwa, akaswali pembeni, akarudi kuketi. Kiasi cha saa kumi na moja flashi ilikuwa na picha zote, na sauti za marehemu mumewe alizokuwa akimtumia WhatsApp akiwa melini.

Aliomba nimfungulie moja kwenye laptopu. Akaisikiliza mpaka mwisho, akaifunga flashi kwenye pindo la leso, akaenda kuwahi feri. Ile simu akaniachia.